Juu ya Kuijua y pasipo Kuitenga

Mazungumzo yangu jioni hii ni juu ya hesabu, na katika hesabu nimechagua milango miwili ambayo wanafunzi wa kalkulasi huiingia kwa hofu: wa kwanza ni ule wa kutafuta mteremko wa tao ambalo mlinganyo wake umezichanganya x na y hata haijulikani ipi imemzaa mwenziwe, na wa pili ni ule wa kuifumbua milinganyo ya logarithimu, ambayo madarasani mwetu tumezoea kuiita logi. Aghalabu masomo haya mawili hufundishwa kila moja kwa siku yake na kwa kanuni zake, na mtahiniwa huyabeba mpaka chumba cha mtihani kana kwamba hayana nasaba. Ilhali mimi nashikilia kuwa ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba mwenye kuuona undugu huo ana machache sana ya kukariri. Aliye na karatasi na kalamu namwomba avisogeze karibu, maana hesabu inayosikilizwa tu bila ya kuandikwa haikai sana kichwani.

Katika mwaka 1637 René Descartes, Mfaransa aliyekuwa akiishi Uholanzi, alitoa kitabu chake cha jiometria, ambamo alidhihirisha jinsi umbo linalochorwa linavyoweza kuandikwa kwa mlinganyo wa herufi, na ambamo alieleza njia yake ya kupata mstari unaolikata tao kwa pembe mraba. Haukupita muda mrefu ila zikamfikia, kwa mkono wa mtawa Marin Mersenne wa Paris, aliyekuwa akipokea na kusambaza barua za wataalamu wa Ulaya nzima, karatasi za Pierre de Fermat, mwanasheria wa mahakama ya Toulouse, zikieleza njia nyingine ya kupata tanjenti, yaani mstari unaoligusa tao mahali pamoja na kufuata mwelekeo wake papo hapo. Descartes hakuridhika na karatasi zile; akazitia kasoro, na mwaka 1638 akamwekea Fermat mtihani wa tao jipya, ambalo mlinganyo wake ni huu: mchemraba wa x, ukijumlishwa na mchemraba wa y, ni sawa na x mara y mara namba fulani maalumu. Tao hilo hujipinda likafanya kitanzi chenye sura ya jani, na mpaka leo vitabu vinaliita jani la Descartes. Fermat aliipata tanjenti yake pasipo taabu kubwa, na mpinzani wake akakubali mwaka uleule kwamba njia ile, maadamu imeelezwa namna hiyo, haikuwa na la kupingwa.

Nimeanza na ugomvi huu kwa sababu kiini cha somo letu kimo ndani yake. Mtu aliyezoea milinganyo mepesi hupenda kuiona y imesimama peke yake upande mmoja, na x pamoja na jamaa zake wote upande wa pili, na ikiwa haikusimama hivyo basi kazi yake ya kwanza huwa ni kuitenga kwa nguvu. Katika jani la Descartes kuitenga y kunawezekana, kwa kuwa Girolamo Cardano wa Italia alikwisha kutangaza mwaka 1545 namna ya kufumbua milinganyo ya mchemraba. Lakini atakayejaribu atajikuta katika vipeuo vya tatu vyenye vipeuo vya pili tumboni mwake, na atakapofika mwisho hatajua ni lipi kati ya majibu yake linalohusu sehemu ipi ya kitanzi. Hata hivyo huyo ana bahati, kwani zipo hali ambazo kuitenga y hakuwezekani kabisa kwa njia hizo. Kijana wa Norwei, Niels Henrik Abel, alithibitisha mwaka 1824 kwamba hakuna fomula ya jumla ya vipeuo inayoweza kufumbua kila mlinganyo wa kipeo cha tano. Mtu akipewa basi kwamba y kwa kipeo cha tano, jumlisha y yenyewe, ni sawa na x, akasema kwamba hataanza kazi mpaka aitenge y, atakaa hapo milele. Mkamia maji hayanywi. Na kumbe mteremko wa tao hilo pale ambapo x ni 2 na y ni 1 unapatikana kwa mstari mmoja tu wa maandishi, nao ni moja ya sita.

Unapatikanaje? Na tuchukue kwanza umbo ambalo kila mmoja wetu analijua, yaani duara. Duara ambalo kitovu chake ni makutano ya mihimili na nusukipenyo chake ni 5 lina mlinganyo huu: mraba wa x, jumlisha mraba wa y, ni sawa na 25. Nukta ambapo x ni 3 na y ni 4 imo katika duara hilo, kwa sababu 9 na 16 ni 25. Fikirini sasa x na y kuwa ni wasafiri wawili waliofungwa kamba moja miguuni: mmoja akipiga hatua, wa pili hana budi kupiga ya kwake, na urefu wa hatua ya pili unategemea ile ya kwanza pamoja na mahali waliposimama. Basi x na ipige hatua ndogo sana, itoke 3 iende 3.001. Mraba wake ulikuwa 9, na sasa umekuwa 9.006001; umeongezeka kwa 0.006 na punje isiyo na uzito, maana yake umeongezeka mara 6 ya hatua yenyewe, na hiyo 6 ni mara mbili ya 3. Lau y nayo ingepiga hatua ya 0.001 kutoka 4, mraba wake ungetoka 16 ukaenda 16.008001, nyongeza ambayo ni mara 8 ya hatua, na hiyo 8 ni mara mbili ya 4. Lakini jumla ya miraba miwili haina ruhusa ya kuzidi 25 wala kupungua. Kwa hiyo mara 6 ya hatua ya x, ikijumlishwa na mara 8 ya hatua ya y, sharti iwe sifuri, na hatua ya y ikigawanywa kwa hatua ya x ni hasi tatu ya nne. Huo ndio mteremko. Anayetaka ushahidi na atoe 9.006001 katika 25, kisha atafute kipeuo cha pili cha kilichosalia: atapata 3.99925 kwa kukadiria, yaani y imeshuka kwa 0.00075, ambayo ni robo tatu kamili ya hatua ya x.

Tazameni kwamba hatukuitenga y hata mara moja. Tuliiacha mahali pake, ndani ya mraba wake, tukaiuliza itakwendaje mwenziwe akitikisika. Na tazameni fadhila iliyofuata: jibu letu, ambalo kwa jumla ni hasi x gawanya kwa y, linafaa juu ya duara na chini ya duara pia. Katika nukta ambapo x ni 3 na y ni hasi 4, mteremko ni chanya tatu ya nne, wala hakuna haja ya kuanza upya. Aliyeitenga y kwa kipeuo cha pili angelazimika kuligawa duara nusu mbili na kufanya kazi mara mbili.

Hapa ndipo ninapoona daftari nyingi za wanafunzi zikiharibika, nami nalisema jambo hili kwa uchungu kwa kuwa kosa lenyewe si la uvivu. Mwanafunzi amefundishwa kwamba mraba wa x huzaa x mara mbili; akifika kwenye mraba wa y huandika y mara mbili, akaenda zake. Ameisahau hatua ya y. Katika x hatuandiki hatua yake kwa sababu hiyo ndiyo kipimo chetu, na kitu kikigawanywa kwa nafsi yake ni moja. Bali y inakwenda kwa mwendo wake wenyewe, na mwendo huo ndio hasa tunaoutafuta, basi kuuacha ni kukifuta kile kilichotuleta. Mwalimu akimwambia mtoto kwamba kila aionapo y aambatishe alama ya dy gawanya kwa dx, mtoto atatii na pengine atafaulu mtihani. Lakini akimwonyesha zile 0.001 mbili, moja ya x na moja ya y, mtoto hatahitaji kuambiwa.

Turudi kwa jani la Descartes, na ile namba maalumu na iwe 6. Upande wa kushoto, mchemraba wa x huleta mara tatu ya mraba wa x, na mchemraba wa y huleta mara tatu ya mraba wa y pamoja na hatua ya y. Upande wa kulia kuna x na y zilizozidishwa, na kila moja inakwenda, kwa hiyo tunahesabu kwanza mchango wa x huku y imetulia, kisha mchango wa y huku x imetulia, tukajumlisha. Tukikusanya pamoja vyote vyenye hatua ya y na kugawanya kwa tatu, mteremko unakuwa hivi: mara mbili ya y, toa mraba wa x, yote gawanya kwa mraba wa y toa mara mbili ya x. Katika kilele cha jani, ambapo x ni 3 na y ni 3, jibu ni hasi 1. Katika nukta ambapo x ni 4 ya tatu na y ni 8 ya tatu, jibu ni 4 ya tano. Na pale ambapo zote mbili ni sifuri fomula inajibu sifuri gawanya kwa sifuri, na jambo hilo lisichukuliwe kuwa ni upungufu wa fomula. Mahali hapo tao hujikata lenyewe, mkono mmoja ukipita kwa mlalo na mwingine kwa wima. Tumeuliza mwelekeo mmoja mahali palipo na mielekeo miwili, na fomula imekataa kusema uongo.

Njia hii haikungoja vitabu vya shule. Isaac Newton, katika barua aliyomwandikia John Collins mwezi Desemba 1672, alieleza namna ya kuchora tanjenti ya tao ambalo x na y zimechanganyika katika mlinganyo wa daraja la tatu, naye aliziacha zikiwa zimechanganyika vivyo hivyo. Gottfried Wilhelm Leibniz alipotangaza kalkulasi yake katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig mwaka 1684, alama zake za dx na dy zilipewa hadhi iliyo sawa, kila herufi na hatua yake, pasipo moja kufanywa bwana na nyingine mtumwa. Kwa hiyo tabia ya kuianza kalkulasi kwa y iliyotengwa, kisha kuileta hii ya kuchanganya baadaye kana kwamba ni ziada ngumu, ni mpango wetu sisi walimu wa baadaye. Historia ilikwenda kinyume chake.

Sasa nageukia logi. John Napier, bwana wa Merchiston karibu na Edinburgh, alitoa majedwali yake mwaka 1614 baada ya kazi ya miaka ipatayo 20, na nia yake ilikuwa kuwaondolea wataalamu wa nyota na wengineo mateso ya kuzidisha na kugawanya namba ndefu. Henry Briggs, profesa wa jiometria katika Chuo cha Gresham cha London, alivutwa na kazi hiyo kiasi cha kufunga safari ya Edinburgh mwaka 1615, na tena 1616, na wawili hao wakaafikiana kwamba ingekuwa bora logi ya 1 iwe sifuri na logi ya 10 iwe 1. Napier alifariki mwaka 1617. Briggs akaendelea peke yake, na mwaka 1624 akatoa logi za namba 30,000, kila moja kwa tarakimu 14 baada ya nukta, zikiwa ni za kuanzia 1 hadi 20,000 na za kuanzia 90,000 hadi 100,000. Pengo la katikati lilizibwa mwaka 1628 na Mholanzi Adriaan Vlacq kwa tarakimu 10. Ile karatasi ya tarakimu nne ambayo vijana wetu wa sekondari wamekuwa wakiishika kwa miaka mingi ni mjukuu wa kazi hiyo.

Thamani ya logi katika kufumbua milinganyo ni kwamba huishusha chini namba iliyopandishwa juu katika kipeo. Mtu ameweka akiba shilingi 100,000, na kila mwaka zinaongezeka kwa asilimia 8 ya kilichopo. Auliza baada ya miaka mingapi zitakuwa maradufu. Idadi ya miaka imekaa juu ya 1.08, na huko juu mkono wa kujumlisha na kutoa hauifikii. Chukua logi ya pande zote mbili, na miaka itashuka ikawa ni namba ya kuzidisha: logi ya 2 ni 0.3010, logi ya 1.08 ni 0.0334, na ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili ni miaka 9 na kitu kidogo. Hakika baada ya miaka 9 kamili fedha zitakuwa karibu shilingi 199,900.

Lakini logi zina sharti lake, na hapo ndipo mtahini mwenye busara humngojea mwanafunzi. Tuseme logi ya x, jumlisha logi ya x toa 3, ni sawa na 1. Kanuni inasema jumla ya logi ni logi ya zao, kwa hiyo x mara x toa 3 ni sawa na 10. Mlinganyo huu wa mraba una majibu mawili, 5 na hasi 2. Jibu la 5 ni sahihi, kwani logi ya 5 na logi ya 2 hujumlika kuwa 1 barabara. Hasi 2 ni batili, kwa kuwa katika hesabu ya namba hizi za kawaida hakuna logi ya namba hasi, na mlinganyo wetu wa mwanzo haukuwa na maana yoyote mahali hapo. Hasi 2 ilitoka wapi basi? Ililetwa na sisi wenyewe tulipoziunganisha logi mbili kuwa moja, maana hasi 2 mara hasi 5 ni chanya 10, na mlinganyo mpya ulikuwa na mlango mpana kuliko ule wa kwanza. Kurudi na kulipima kila jibu katika mlinganyo wa asili ni sehemu ya ufumbuzi wenyewe, na asiyeifanya hajafumbua. Kosa jingine, la kuigawa logi ya jumla kuwa jumla ya logi, linajifichua kwa jedwali lolote: logi ya 5 ni 0.6990, ilhali logi ya 2 na logi ya 3 hujumlika kuwa 0.7781.

Mwaka 1697 Johann Bernoulli wa Basel, katika jarida lilelile la Leipzig, aliyaoanisha masomo haya mawili. Suala lake lilikuwa juu ya vitu kama x iliyopandishwa kwa kipeo cha x, ambavyo kanuni ya vipeo haiviwezi, kwa kuwa chini panasogea na juu panasogea pamoja. Andika kwamba y ni sawa na kitu hicho, kisha chukua logi ya pande zote, na hapa tutumie logi ya asili, ile yenye kizio e ambacho ni karibu 2.718, kwani hatua yake ni nyepesi: logi ya x husogea kwa hatua ya x gawanya kwa x. Upande mmoja sasa una logi ya y, na wa pili una x mara logi ya x. Je, tuirudishe y peke yake? La, tunaiacha ndani ya logi yake, kama tulivyoiacha ndani ya mraba wake katika duara. Hatua ya y gawanya kwa y ni sawa na hatua ya x mara logi ya x jumlisha 1, na mteremko ni y mara hesabu hiyo. Pale x ilipo 2, y ni 4, na mteremko ni karibu 6.77.

Nimalizie kwa mlinganyo ambao Daniel Bernoulli, mwana wa huyo Johann, aliuzungumza katika barua kwa Christian Goldbach mwaka 1728: x kwa kipeo cha y ni sawa na y kwa kipeo cha x. Namba kamili chanya zisizolingana zinazoutimiza ni 2 na 4 peke yake, maana 2 kwa kipeo cha 4 ni 16, na 4 kwa kipeo cha 2 ni 16. Chukueni logi ya asili: y mara logi ya x ni sawa na x mara logi ya y. Pigeni hatua pande zote, mkusanye hatua za y mahali pamoja, nanyi mtapata kwamba mteremko ni logi ya y toa y gawanya kwa x, yote gawanya kwa logi ya x toa x gawanya kwa y. Pale x ilipo 2 na y 4, jibu ni karibu hasi 3.18, na pale zinapobadilishana nafasi, ni karibu hasi 0.31, ambayo ni 1 gawanya kwa lile la kwanza. Na pale ambapo x na y zote ni e, fomula hujibu sifuri gawanya kwa sifuri, kwa sababu hapo pia njia mbili hukatana: moja ni mstari ulionyooka ambapo y ni sawa na x, na ya pili ni tao linaloshuka kwa mteremko wa hasi 1.